Kiti cha mgeni: Ufipa kati ya maziwa mawili

Mtu wa Tanga au Kilwa akisikia neno "mwambao", mawazo yake huenda baharini: minazi, majahazi, harufu ya chumvi. Mtu wa Namanyere, mkoani Rukwa, akilisikia, huwaza migebuka, samaki wa ziwani. Huko mwalimu mpya akiambiwa amepangiwa shule ya mwambaoni, ajue anapelekwa Kirando, Kipili, Wampembe, Kala au Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako upepo wa kiangazi huinua mawimbi ya kumtia mvuvi adabu, na ng'ambo ya maji ni Kongo au Zambia. Kutoka hapo hadi Bahari ya Hindi kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Hata hivyo ni mwambao, wenye bandari zake, mabaharia wake na Waswahili wake.

Nimeanzia hapo kwa sababu wengi wetu tunaijua Ufipa kwa mambo mawili tu, mahindi na uchawi, na yote mawili hutufanya tuitazame kama nchi ya ndani iliyojificha. Sivyo. Ufipa ni nchi yenye pwani mbili. Karibu kila kitu kilichoibadilisha kilipanda kutoka chini, kilifika juu kikihema, kikakaribishwa, kikapewa kiti. Habari ya hicho kiti tutaifikia.

Itazame kwanza ardhi yenyewe. Magharibi liko Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Mashariki liko Ziwa Rukwa, kiasi cha mita 800. Maziwa hayo mawili yanakaribia kulingana, lakini katikati yake ardhi imenyanyuka kama bega la mtu aliyebeba mzigo: mji wa Sumbawanga uko kwenye mita 1,800 hivi, na milima ya Mbizi iliyo jirani yake hupita mita 2,300. Dunia ilipopasuka pande zote mbili, kipande hiki cha katikati kilibaki juu. Mfipa wa uwandani akitaka maji makubwa huteremka, aende kulia au kushoto. Upande wa Rukwa huteremka kwa magoti yanayotetemeka, maana ukingo unaoitwa Lyamba lya Mfipa haukubembelezi.

Maziwa yenyewe hayafanani kwa tabia. Tanganyika ni la watu wazima. Kina chake kinafika mita 1,470, na duniani kote ni Baikal la Urusi tu linalolipita. Halina haraka, halibadiliki ovyo. Rukwa ni mtoto mtundu. Halina mto unaotoka, maji yake yana magadi, kina chake ni kifupi, na ukubwa wake hutegemea mvua zimeamuaje. Kuna miaka limemeza vijiji na malisho, na kuna miaka limekaribia kutoweka. Mwaka 1949 sehemu kubwa yake ilikuwa tope lililokauka na majani.

Majani hayo yalikuwa na mambo yake. Nzige wekundu waliokula mashamba ya nusu ya kusini ya Afrika kuanzia mwaka 1930 hadi katikati ya miaka ya 1940 walifuatwa hadi kwenye mazalio yao, na bonde la Rukwa likawa mojawapo ya yale makuu. Mwaka 1949 serikali za wakati huo ziliunda shirika la kimataifa la kupambana na nzige hao, makao yake yakiwa Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wa Zambia. Kwa hiyo kulikuwa na wakati ambapo mkulima wa mbali kusini, asiyewahi kusikia neno Mfipa, alilala na njaa au shibe kwa kadiri mbuga za Rukwa zilivyokauka. Siku hizi bonde hilohilo linatajwa kwa jambo jingine: mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kuwa chini yake kuna gesi ya heliamu nyingi. Tusubiri tuone. Bonde lina mazoea ya kutoa na kunyang'anya.

Sasa tupande juu, na tuvae makoti. Mwezi wa Juni na Julai Sumbawanga ina baridi ya kweli, na upepo wake haujui kuta. Mji wenyewe hauna majivuno. Una soko, stendi, kanisa kuu na magunia mengi. Jina lake ndilo lililoutia mashakani. Wafipa watakueleza kuwa "sumba" ni kutupa na "wanga" ni uchawi, kwamba anayeingia hapa aache hirizi zake nje. Ni amri ya usafi, kama vile mtu anavyoambiwa avue viatu mlangoni. Nchi nzima imelisoma bango hilo kinyume. Ukiaga Dar es Salaam kwamba unakwenda Sumbawanga, utapata ushauri kuhusu radi za kiangazi na safari za ungo kutoka kwa watu ambao hawajawahi kuvuka Mikumi.

Haina maana kwamba hofu ya uchawi haikuwepo. Ilikuwepo, na watu waliishughulikia kwa njia zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, uhuru ukiwa bado mbichi, vuguvugu lililoitwa Kamcape lilizunguka vijiji vya Ufipa likiwasaka wenye dawa mbaya na kuwataka wazitoe. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyekuwapo Ufipa miaka hiyo, aliandika juu yake mwaka 1968. Ukisoma habari hiyo huku ukilikumbuka jina la mji, unaona jambo moja: hawa ni watu ambao kila baada ya muda hujikumbusha kutupa. Sijui mikoa mingapi imeiweka nia hiyo katika jina la makao makuu yake.

Willis huyohuyo ndiye aliyekusanya kwa uangalifu masimulizi ya asili ya nchi, na hapo ndipo kiti kinapoingia. Mtu wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni, akatawala Milansi, kijiji kilichoko chini ya mlima Itwelele. Yeye na watu wake walikuwa wa kwanza kuishika ardhi, na kumbukumbu ya Milansi imefungamana na ufuaji wa chuma. Siku moja mfalme alikwenda kuwinda. Nyumbani akaacha onyo: wageni wakija, wasipewe kiti cha enzi. Wageni wakaja kweli, nao walikuwa wanawake, wa ukoo wa Watwa, wametoka mbali. Mke wa mfalme alipowaona, wenye haiba na mamlaka usoni, onyo likamtoka kichwani, au labda adabu ilimshinda. Akatoa kiti. Mkubwa wao akaketi. Mfalme aliporudi mawindoni, nchi ilikuwa imeshapata mwenyewe.

Masimulizi hutofautiana kijiji hadi kijiji, lakini mwisho wake haubadiliki, nao ndio unaonivutia. Hakuna damu iliyomwagika. Walizungumza. Watwa wakachukua utawala wa nchi, Milansi ikabaki na kijiji chake, heshima ya kale na sauti katika mambo ya ardhi. Baadaye Watwa wenyewe waligombana, wakagawanyika katika falme mbili, Nkansi kaskazini na Lyangalile kusini, na hao walipigana kwa muda mrefu. Jina la Nkansi limebaki katika wilaya ya Nkasi. Milansi ilikaa pembeni ikitazama. Watawala wake walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba aliyeketi hupita na aliyeshika ardhi hubaki.

Nimesikia watu wakiicheka hadithi hii kama habari ya mke mzembe. Mimi naiona kama maelezo makini kuliko mengi niliyosoma vitabuni juu ya namna dola zinavyoanza. Kwingine mgeni huja na mkuki. Hapa alipewa kiti, kisha akafungwa kwa masharti ya kiti hicho.

Hata mikuki ilifika. Katika miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba, waliotoka kusini kabisa wakivuka mto Zambezi mwaka 1835, walifika Ufipa na kupiga kambi. Zwangendaba alifia huku, mahali panapoitwa Mapupo. Kifo chake kilivunja jeshi lake vipande: wengine wakarudi kusini hadi Malawi na Zambia ya leo, wengine wakaenda kaskazini hadi Unyamwezi, na wengine safari yao ndefu ikawafikisha Songea. Mngoni wa Ruvuma anayejivunia babu zake ana kaburi la kuzuru huku. Wafipa wakabaki na mashamba yao. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapa mwaka 1880 katika nchi ya mfalme Kapufi, aliwasifu kuwa wakulima wa amani, kisha akalitazama Ziwa Rukwa kwa mbali na kulibatiza jina la Leopold. Jina hilo halikushika. Rukwa halibatiziki.

Amani hiyo ilikuwa na kiwanda chake. Ukitembea uwandani, kwenye vichuguu na majani, unaweza kukutana na mnara wa udongo mrefu kuliko mtu, wa mita tatu hivi, umechakaa, una matundu kuzunguka chini. Hilo ni ilungu, tanuri la kuyeyushia mawe ya chuma. Yakiwa mengi ni malungu. Lilijengwa kwa udongo wa kichuguu. Ndani walipanga kuni, mkaa na mawe ya chuma, wakatia mirija ya udongo katika matundu, wakawasha. Hawakuvuta mivukuto. Urefu wa tanuri wenyewe ulivuta hewa kutoka chini kwenda juu, mchana na usiku, mpaka mawe yalipolainika. Bonge lililotoka humo bado lilikuwa chafu. Lilipelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na hapo sasa mivukuto ilifanya kazi mpaka chuma kikatakata, tayari kwa mhunzi. Hatua mbili, matanuri mawili. Mafundi wa kwingi Afrika walitumia moja.

Kazi hiyo ilikuwa na miiko. Ilungu lilihesabiwa kama bibi harusi, lilipambwa, na chuma kilikuwa mtoto wake. Fundi aliyekuwa kazini alilala mbali na mkewe ili asije akafanya uzinzi dhidi ya tanuri. Dawa zilihifadhiwa katika kikapu kinachoitwa intangala. Mwanaakiolojia wetu Bertram Mapunda ameandika kitabu kizima juu ya uhunzi wa Wafipa, na anayetaka kuujua undani wake asome huko. Mimi nataka kusema tu kwamba majembe yaliyotoka humo yaliuzwa mbali na yalilipa mahari. Majembe ya Ulaya yalipoteremshwa kwa bei ya kutupa, na utawala wa kikoloni ukaitazama kazi hii kwa jicho baya, moto ulizimika. Kufikia katikati ya karne iliyopita waliowasha walikuwa wakiwasha kwa kuwaonyesha wageni.

Jembe lilikuwa na kazi ya pekee, maana Ufipa haina miti mingi ya kukata na kuchoma. Nchi ni majani matupu. Kwa hiyo mkulima, mvua zikielekea mwisho na ardhi ingali laini, huyapindua majani na kuyafunika udongo katika matuta ya mviringo yanayoitwa intumba. Ndani ya tuta majani yanaoza. Juu yake hupandwa maharage na jamii zake. Msimu unaofuata matuta yanasambazwa, mbolea ikiwa imeiva, na ulezi unapandwa. Wataalamu wa kilimo walipokuja kutufundisha mboji kwa semina na chai ya saa nne, wazee wa Ufipa walistahili kulipwa kama wakufunzi.

Sasa tuje kwa wageni wa karne ya 19 waliopanda kutoka ziwani. Mwaka 1879 Kapteni Cambier wa Ubelgiji alijenga kituo Karema, kaskazini kidogo, kwa niaba ya jumuiya ya Leopold, mfalme wa nchi hiyo. Mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa Mapadri Weupe, shirika la Kardinali Lavigerie wa Algiers, na kwa miaka mingi Kifaransa kikawa lugha ya barua za ziwani. Kutoka Karema walishuka kwa mitumbwi kando ya mwambao, Kirando, Kala, kisha wakapanda uwandani: Kate, Chala, Mwazye. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza kuanzia 1891 hadi kifo chake mwaka 1917, aliandika kitabu kizima juu ya watu wa kando ya Tanganyika, kikachapwa Algiers mwaka 1913.

Aliyenichekesha na kunitafakarisha zaidi ni Léopold Joubert. Alizaliwa mwaka 1842 Saint-Herblon, katika jimbo la pwani ya Atlantiki ya Ufaransa ambalo leo linaitwa Loire-Atlantique. Mji mkuu wa jimbo hilo ni Nantes, bandari iliyotuma meli nyingi za watumwa kuliko bandari nyingine yoyote ya Ufaransa. Joubert alikuwa askari wa Papa, kisha akaja Tanganyika kuwalinda wamisionari na vijiji dhidi ya wawindaji wa watumwa, akaweka ngome yake upande wa Kongo, mkabala na Ufipa. Kijana kutoka jimbo lililotajirika kwa biashara hiyo alikuja huku kuipiga bunduki. Alioa Mwafrika, Agnes Atakaye, hakurudi kwao tena, akafa huko mwaka 1927. Naye alipewa kiti, akaketi moja kwa moja.

Hata hivyo ukiwauliza wazee wa Rukwa na Katavi juu ya mgeni wa enzi hizo, jina linalotoka kwanza si la Mfaransa. Ni Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu kama mwaka 1866, akakamatwa mtoto, akauzwa, akavushwa Sahara, akakombolewa na Mapadri Weupe, akapelekwa Malta kusomea utabibu. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, na hapo alitibu watu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Zaidi ya miaka 65 kazini, mtumwa aliyekombolewa akiwatibu watu ambao jirani zao walikuwa wakiuzwa kama yeye. Hospitali ya kanisa mjini Sumbawanga ina jina lake. Nadhani inafaa watoto wa mkoa huu wamjue kwa kiasi wanachomjua Livingstone, na ikibidi kuchagua, waanze na Atiman.

Wajerumani nao walijenga boma Kasanga na kupaita Bismarckburg. Habari yake fupi ni ya mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kamanda Spicer-Simson wa Uingereza, aliyevuta mashua zake Mimi na Toutou nchi kavu kutoka kusini hadi ziwani, alifika mbele ya boma, akaona mizinga, akageuza. Waingereza walipoliingia boma mwezi Juni, Wajerumani walikuwa wamekwisha kutoroka, na inasimuliwa kuwa mizinga ile ilikuwa ya mbao. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, ilizamishwa na mafundi wake wenyewe Kigoma Julai mwaka huohuo, ikainuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, jina la kale la sehemu ya kusini ya ziwa. Kwa vizazi vizima vya watu wa mwambao, honi ya Liemba usiku ndiyo ilikuwa kalenda: mitumbwi inatoka gizani kuifuata, na mama anapandishwa kwa mikono akiwa na kuku na magunia ya dagaa.

Waingereza waliyapandisha makao ya wilaya uwandani, na hatimaye yakatulia Sumbawanga. Mkoa wa Rukwa ulizaliwa mwaka 1974 kutokana na vipande vya Mbeya na Tabora, na mwaka 2012 Katavi ikakatwa humo, ikaondoka na Karema. Miaka ya 1980 Rukwa ilihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne inayoilisha nchi, lakini mahindi yalilala Sumbawanga yakingoja lori lililokwama Laela. Lami kutoka Tunduma imeondoa aibu hiyo, na nyingine inateremka kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga. Wageni wanaendelea kufika. Bondeni Rukwa wafugaji wa Kisukuma wamekuwa wakishuka na ng'ombe wao kwa miongo kadhaa, na ugomvi wa shamba na malisho haujaisha. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,004,539. Ile ya 2022 ilihesabu 1,540,519. Ongezeko la zaidi ya nusu kwa miaka kumi. Kiti kimoja hakitoshi tena, na mazungumzo ya Milansi yanahitajika upya, safari hii juu ya maji na majani.

Ukifika Matai, usirudi bila kuona Maporomoko ya Kalambo. Maji yanaanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200, karibu mara mbili ya Victoria, mpakani kabisa na Zambia. Juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia, J. Desmond Clark alianza kuchimba katika miaka ya 1950. Mwaka 2023 timu ya Larry Barham ikatangaza magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine, yenye umri wa miaka 476,000 hivi. Ni kabla ya kuwepo kwa binadamu wa aina yetu. Magogo hayo yalidumu kwa sababu udongo wenye maji uliyafunika yasipate hewa.

Malungu hayana bahati hiyo. Yamesimama wazi mashambani, mengine yamegeuzwa kivuli cha mbuzi, na kila masika yanapungua unene. Ombi langu kwa halmashauri za Ufipa na kwa wenye mashamba ni dogo: nguzo nne na paa la bati juu ya yale machache ambayo bado ni mazima, na uzio wa kuzuia ng'ombe. Mafundi wa kueleza yalivyowashwa wamekwisha kufa. Mvua Ufipa huanza Novemba.